Ukuta wetu haushiki maji: tumepigwa?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, Dodoma. Mwaka juzi tulijenga ukuta wa mawe na saruji kwenye korongo letu. Una urefu wa mita 18 na kimo cha mita moja na nusu, na nyuma yake mchanga umeshajaa kama sentimita 30. Kisima chetu cha pampu ya mkono kiko kando ya korongo hilo hilo, kama mita 200 chini ya ukuta. Mvua ikishuka bwawa linajaa mpaka maji yanaruka juu, lakini siku ya kumi na sita unakuta tope tupu. Wananchi wanasema fundi ametupiga. Wapo wanaotaka tuchange tusakafie chini kwa saruji, wengine wanataka tutandike turubai la nailoni. Mkutano wa kijiji uko mwezi ujao. Niwaambie nini?"

Jibu: Ndugu Mwenyekiti, salama, na pole kwa maneno ya watu. Kabla ya lolote: msisakafie, na turubai hilo liacheni dukani. Kwa maelezo uliyonipa, upo uwezekano mkubwa kwamba ukuta wenu unafanya kazi nzuri kuliko mnavyodhani, na fundi mnayemsema anastahili soda. Ila mimi niko mbali na korongo lenu, kwa hiyo nitakueleza namna ya kupima wenyewe, kwa kamba, mti na daftari, ili siku ya mkutano usimame na tarakimu.

Ugomvi umeanzia kwenye jina. Ukitamka "bwawa" Dodoma, kila mtu anaona lambo: ng'ombe wanakunywa, watoto wanapiga mbizi, maji yapo mpaka Septemba. Lambo huchimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi makusudi, ili maji yasizame. Ukuta kwenye korongo la mchanga ni kazi nyingine kabisa. Kazi yake ni kuyachelewesha maji tu. Pasipo ukuta, mafuriko ya korongo hupita kwa saa chache. Mnasikia ngurumo jioni, asubuhi mnakuta mchanga umelowa na maji yameshafika vijiji vya mbele. Ukuta unayashika siku kumi, siku kumi na tano, yapate muda wa kushuka chini. Mtoto akimaliza uji hatumlaumu kwamba bakuli ni tupu, tunamwangalia tumbo. Na tumbo la bwawa lenu ni kile kisima.

Sasa tuhesabu. Maji yanayotoka bwawani yana njia tatu: yanapanda na jua, yanazama chini, au yanapenya chini ya ukuta na ubavuni mwake. Jua la Dodoma ni kali, lakini wakati wa masika, kukiwa na mawingu na unyevu, bwawa la wazi hupoteza kama milimita 5 hadi 8 kwa siku. Tuchukue 7. Kwa siku 16 ni milimita 112, yaani sentimita 11, upana wa kiganja na kidogo. Ukuta wenu una mita 1.5, ukitoa mchanga wa sentimita 30 kinabaki kina cha mita 1.2. Jua limechukua sentimita 11 kati ya 120. Zile 109 zimekwenda wapi? Hilo ndilo swali la kuulizana mkutanoni. Na jibu lake halipatikani bwawani.

Ili hesabu hii iwe yenu na si yangu, simamisheni mti ulionyooka, au bomba la chuma, ndani ya bwawa karibu na ukuta, na mlichore mistari ya rangi kila sentimita 5. Kijana mmoja apite kila asubuhi saa moja, aandike tarehe na kimo cha maji. Siku ambayo mvua imenyesha aandike hivyo pembeni. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha misimu mitatu. Utaona jambo moja la kupendeza: siku za mwanzo kimo kinashuka haraka, labda sentimita 10 au zaidi kwa siku, halafu kasi inapungua. Sehemu ya upungufu huo ni ya kawaida, maana maji yakiwa na kina kirefu yanasukuma chini kwa nguvu zaidi. Lakini sehemu nyingine ni tope, na tope nitalirudia kwa kirefu kwa sababu ndilo litakalowaua, wala si fundi.

Njia ya tatu, ya kupenya chini ya ukuta, ikaguliwe kwa macho. Bwawa likiwa limejaa, shuka chini ya ukuta, tembea taratibu mita 50 hadi 100. Angalia panapotoa maji, panapobubujika, nyasi za kijani mahali ambapo jirani yake ni pakavu. Angalia hasa pale ukuta unapoingia kwenye kingo za korongo, kushoto na kulia, maana mabawa yakiwa mafupi maji huzunguka ubavuni. Ukikuta maji yanatoka, chota kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, iache mezani usiku kucha. Asubuhi, chupa ikiwa safi na chini hakuna kitu, hayo ni maji yaliyochujwa na mchanga. Yanatembea polepole na hayadhuru ukuta. Ikiwa yana rangi ya chai ya maziwa na chini pamekaa udongo, hapo usisubiri mkutano. Maana yake maji yanabeba udongo wa msingi chembe kwa chembe, chini kunachimbika mfereji usioonekana, na ukuta wa namna hiyo huondoka usiku mmoja. Piga simu kwa mhandisi wa wilaya siku hiyo hiyo.

Pia tazama kisigino cha ukuta, pale maji yanaporuka na kuangukia. Kama pamechimbika shimo, jazeni mawe makubwa, makubwa kweli kweli, yale yanayobebwa na watu wawili, mkiyapanga kwa kufungamana mpaka mita tatu au nne mbele ya ukuta. Kazi hii ya siku mbili ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na kuta nyingi ndogo nilizoziona zimelala chali zilianza kwa shimo la kisigino.

Hata hayo yanayopenya chini ya ukuta hayajapotea yote. Yakitokeza mita 30 mbele na kuzama tena mita 150 mbele, yamezama njiani kuelekea kisimani kwenu. Kisima chenu kiko upande wa chini wa korongo, mbele ya ukuta. Mngekuwa mmejenga ukuta mbele ya kisima ningeongea lugha nyingine.

Niseme na la kwangu, maana nisingependa uone nakuhubiria. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikubali shinikizo kama hili lenu, katika kijiji ambacho sitakitaja. Wananchi walitaka maji ya kuonekana. Tukaleta mfinyanzi wa kichuguu, tukashindilia chini ya bwawa vizuri sana, na kweli mwaka ule maji yalikaa mpaka Julai. Watu wakapiga vigelegele. Mwezi wa nane visima viwili vya kuchimba kwa mkono vilivyokuwa chini ya ukuta, ambavyo kabla ya hapo havikuwahi kukauka mapema hivyo, vilitoa tope. Mama mmoja aliniletea ndoo ya tope hilo, akaiweka miguuni pangu, hakusema neno. Tulilazimika kuufukua ule mfinyanzi tulioushindilia kwa jasho, na kuufukua ni kazi mara mbili. Kosa lilikuwa langu.

Turudi kisimani, maana ndiko ushahidi uliko. Mnahitaji kujua maji yako kina gani, kila wiki, siku ile ile, alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota. Kisima cha pampu ya mkono kina mfuniko na mabomba ndani, kwa hiyo mwombeni fundi pampu awaonyeshe kama pana tundu la kupitishia kamba, pengine hakuna. Njia rahisi ni kutumia kisima cha wazi kama kipo jirani, au kukodi watu wa kutoboa kwa mkono tundu jembamba kando ya korongo na kuingiza bomba la plastiki la inchi 2 lenye vitobo chini, na kifuniko juu watoto wasitumbukize mawe. Kifaa cha kupimia ni kamba ya futi ya fundi ujenzi, na mwisho wake funga kipande kifupi cha bomba la chuma kilicho wazi upande wa chini. Kikigusa maji kinatoa mlio, "kopu". Pandisha, shusha tena, "kopu", soma namba. Ukipima mara tatu na tofauti isizidi sentimita moja, umeshakuwa mpimaji.

Peke yake kipimo hicho bado hakitoshi kuwanyamazisha wabishi, kwa sababu masika visima vyote hupanda, penye ukuta na pasipo na ukuta. Tafuteni kisima cha pili kilicho mbali na korongo hilo, au upande wa juu kabisa, maji yanakotoka kabla ya kufika ukutani, kipimwe siku hiyo hiyo. Kama cha mbali kimepanda nusu mita na chenu kimepanda mita mbili, tofauti hiyo ndiyo mchango wa korongo na ukuta wake. Na muhimu zaidi kuliko kupanda ni kushuka: je, kufika Septemba na Oktoba, chenu kinashuka polepole kuliko zamani? Waulize akina mama wanaopiga pampu. Mtu anayepiga pampu kila siku anajua ilikuwa inahitaji mipigo mingapi kujaza ndoo Oktoba ya kabla ya ukuta, na sasa mingapi. Ulizeni pia ladha. Sehemu nyingi za Dodoma maji ya chini yana chumvi kiasi, na maji mapya ya mvua yakiingia chumvi inazimuliwa. Wanaopika maharage wataligundua hilo kabla ya maabara.

Umeniuliza niwaambie nini watu, na watu hupenda ndoo kuliko mita za ujazo, kwa hiyo wapeni ndoo. Kwa korongo lenye umbo la V kuna hesabu ya mkononi: upana kwenye ukuta, mara kina, mara umbali ambao maji yanarudi nyuma, gawanya kwa 6. Hukuniandikia maji yanarudi nyuma umbali gani. Tuseme mita 80, nawe utapima kwa hatua. Mita 18 mara 1.2 mara 80, ugawanye kwa 6, ni mita za ujazo 288, yaani lita 288,000, au ndoo 14,400 za lita 20. Hiyo ni kwa kujaa mara moja. Masika yakijaza mara nne mnapata mita za ujazo 1,152.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate walau lita 25 kwa siku, umbali usiozidi mita 400. Kaya 100 za watu watano watano zinahitaji lita 12,500 kwa siku. Gawanya: 1,152,000 kwa 12,500, ni siku 92. Sasa tuwe wakweli, yote yaliyozama hayafiki kisimani. Mengine yanakwenda pembeni, mengine yananyonywa na mizizi ya migunga iliyoko kingoni. Ukikata nusu unabaki na siku 46. Siku 46 za Oktoba na Novemba, Mwenyekiti, zile ambazo watu wanalala kisimani. Sitaki uahidi hizo siku 46 mkutanoni, maana hesabu hii inabadilika kwa kila korongo. Lakini inaonyesha kwamba ukuta wa mita 18 si mchezo wa kitoto, wala si muujiza.

Kwa nini nina imani na korongo hasa? Kwa sababu kwenu Dodoma ndiko kwenye ushahidi mzuri kuliko sehemu nyingi za Afrika. Visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, vinavyonywesha jiji lenu, vimepimwa kimo cha maji tangu katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 2013 mtafiti wa maji ya ardhini Richard Taylor na wenzake, wakiwemo wataalamu wa maji wa Tanzania, walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55. Picha iliyotoka ni hii: miaka mingi maji yanashuka kidogo kidogo, halafu msimu mmoja wa mvua nzito unakuja na kuyapandisha kwa mkupuo. Msimu wa El Nino wa 1997 na 1998 ndio uliojaza kuliko misimu yote. Mvua za rasharasha za kila siku haziendi mbali, zinaishia kwenye mizizi na hewani. Na kazi zilizofuata hapo hapo zimeonyesha kwamba maji mengi yanaingia ardhini kupitia vitanda vya mito ya msimu, pale mafuriko yanapopita juu ya mchanga.

Nini maana yake kwenu? Kwanza, mmejenga mahali panapostahili, kwenye mlango ambao ardhi yenyewe inautumia. Pili, msiuhukumu ukuta kwa mwaka mmoja. Mwaka wa mvua haba kisima kitashuka hata mngekuwa na kuta tano. Tatu, ukuta uwe tayari, safi na imara, pale mwaka mzito utakapokuja, maana huo mmoja unaweza kuwafaa kuliko mitatu ya kawaida. Ukuta uliofunikwa na tope siku ya mafuriko makubwa ni kama mtu aliyelala siku ya mgao.

Tope sasa. Maji ya korongo yanakuja na vitu viwili: mchanga, ambao ni rafiki, na udongo mwembamba wa mfinyanzi, ambao ni adui. Mchanga ni mzito, unatua kwanza. Mfinyanzi unaelea siku kadhaa, na bwawa likitulia unashuka na kutanda juu ya mchanga kama malai juu ya maziwa. Utando wa unene wa milimita chache tu unatosha kuziba. Bwawa likikauka unaona magamba yamepasuka na kujikunja ncha juu. Chukua moja mkononi: upande wa juu laini kama sabuni, upande wa chini umeshika punje za mchanga. Hilo gamba ndilo linalozuia maji yenu kwenda kisimani mwaka ujao. Ndiyo maana nilisema mwangalie kasi ya kushuka kwenye daftari. Ikiwa masika ya kwanza bwawa lilikauka kwa siku 16, ya pili 25, ya tatu 40, watu watafurahi kwamba "sasa linashika maji". Wewe ujue linakufa.

Dawa yake ni jembe na toroli. Oktoba, pakiwa pakavu kabisa, kijiji kitoke siku moja kikwangue magamba hayo, tabaka la juu tu, msichimbe mchanga. Lisisukumwe pembeni ya korongo, mvua ya kwanza itarudisha yote. Lipelekeni shambani, ni udongo wenye rutuba, au kwa wafyatua tofali. Na mchanga msiuze. Nasema hili kwa sababu lori la mchanga lina bei nzuri kuliko kisima kwa mtu mwenye haraka, na wafanyabiashara wa mjini watafika na kuwasalimia kwa heshima. Andikeni kwenye sheria ndogo za kijiji kwamba mchanga wa nyuma ya ukuta hautoki.

Tope hili ndilo lililokula mabwawa makubwa ya mkoa wenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, walipima mabwawa ya karibu na mji wa Dodoma, Ikowa na Matumbulu yakiwemo, wakakuta yanajaa udongo kwa kasi ya kutisha, kutoka kwenye miteremko iliyolimwa na kuchungwa mpaka ikabaki uchi. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika ya Kondoa. Wazee wenu wanakumbuka, na si wote waliofurahi. Silazimishi mwondoe ng'ombe. Lakini mita 30 za kila upande wa korongo, kuanzia ukutani kwenda juu, ziacheni ziote nyasi na miti, na mashamba ya mteremkoni yawe na matuta ya kukinga maji. Ng'ombe wajengewe mbauti, yaani birika la kunywea, mbali, wasiingie bwawani kukanyaga tope na kuacha samadi juu ya maji yanayokwenda kisimani.

Ndugu zetu wa Oman wana mbinu moja ninayoipenda. Bwawa la Al Khawd, jirani na Muscat, lilijengwa mwaka 1985 makusudi kwa kulisha maji ya ardhini ya pwani ya Batinah, ambako visima vilikuwa vikivutwa mno mpaka maji ya bahari yakaingia. Ukuta wake una urefu wa zaidi ya kilomita 5, kwa hiyo msijilinganishe. Ila tazama akili yake: wanayaacha mafuriko yatulie, tope litue ndani ya bwawa, kisha maji yaliyochujuka yanafunguliwa taratibu yakazame mbele ya ukuta, kwenye changarawe safi. Kumbe si lazima maji yazame nyuma ya ukuta. Nyie kisima kiko mbele, mita 200, na katikati pana kitanda cha mchanga. Mkipata siku ya ukarabati, mwambieni fundi apitishe bomba la inchi 3 lenye koki kwenye ukuta, mdomo wake sentimita 40 hivi juu ya mchanga ulioko sasa, na nje alizungushie zege vizuri lisivuje pembeni. Bwawa likijaa, subirini siku mbili tatu maji yapungue wekundu, fungueni koki robo, yatiririke kama kijito chembamba kuelekea kisimani. Yasifike kwa jirani wa mbele, yakifika, punguzeni. Ukiniuliza kati ya hili na turubai fedha ya michango iende wapi, sihitaji kufikiri.

Watakuwepo wa kusema tuinue ukuta basi, tupate maji mengi. Hapa watazameni Wakamba wa Kenya, wamejenga mamia ya kuta za mchanga Machakos, Makueni na Kitui. Wao wanataka nyuma ya ukuta pajae mchanga mpaka juu, maji yakae ndani ya mchanga. Chini ya sentimita 60 hivi jua halina uwezo nayo tena. Lakini wao hukita ukuta juu ya mwamba au mfinyanzi mgumu usiopitisha maji, na walio makini wanauinua hatua kwa hatua, msimu kwa msimu, ili mchanga mzito ubaki na tope lirukie mbele. Wenu, kwa jinsi unavyokauka, hauko juu ya chungu kisichovuja, uko juu ya chujio. Mkiuinua nusu mita kwa mara moja, mtatuliza maji zaidi na kukamata tope zaidi. Kama ipo haja ya maji zaidi, jengeni ukuta wa pili, mdogo, mita mia kadhaa juu ya huu.

Mkitaka kujua mchanga wenu una thamani gani, fanyeni hivi hapo hapo mkutanoni. Kata chupa ya plastiki, jaza lita moja ya mchanga mkavu kutoka nyuma ya ukuta. Chukua maji kwenye kikombe cha kupimia, mimina polepole mpaka yaonekane juu ya mchanga, andika yameingia kiasi gani. Kisha toboa chini ya chupa kwa msumari wa moto, kinga yanayotoka. Mchanga mzuri wa chenga hunywa kama mililita 300 mpaka 400, na hutoa zaidi ya nusu. Ukinywa maji mengi na kutoa kidogo sana, una udongo ndani. Wazee watakaa kimya wakitazama maji yakitoka kwenye kitu walichodhani kikavu, nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Kuna hali ambazo ningekuambia fundi ana hatia, au aliyechagua mahali ana hatia. Mkichimba shimo la mita moja na nusu kwenye kitanda cha korongo mkakuta udongo mweusi wa mbugani unaonata, hapo maji hayazami, na yakipotea haraka basi yanapita ubavuni. Mkikuta jabali zima futi mbili chini, kuna nafasi ndogo ya kuhifadhi. Na kama kisima chenu ni kirefu, cha mita 80 au 100 ndani ya miamba iliyopasuka, ukuta huu hautakigusa kwa mwaka wala miwili, pengine kamwe. Hukuniandikia kina chake. Kumbukumbu za uchimbaji zinapaswa kuwepo kwenye ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Waombeni karatasi hiyo, ina kina, aina ya udongo kila mita, na kimo cha maji siku kilipochimbwa. Namba hiyo ya mwisho ni dhahabu, ndiyo "kabla ya ukuta" yenu.

Na mkiwa ofisini ulizeni kibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayezuia au kutumia maji ya mto, hata wa msimu. Kama korongo lenu linaelekea Kinyasungwe, wenye mamlaka ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Upande wa Bahi ni Bonde la Kati. Si suala la faini tu. Kuna siku kijiji cha mbele kitasema mnakula maji yao, na siku hiyo karatasi na daftari lenu vitazungumza kuliko wewe.

Kwa hiyo mwezi huu, kabla ya mkutano: chimbeni lile shimo la mita moja na nusu, tafuteni karatasi ya kisima, pimeni kimo cha maji mara nne, wiki nne. Mvua za Desemba zikikuta mti wenye mistari umeshasimama bwawani na vijana wawili wameshajua kusikiliza "kopu", niandikie tena mwezi wa tano na namba za visima vyote viwili, tuzisome pamoja. Na fundi mwachieni mlango wazi. Mtamhitaji kwa lile bomba la inchi 3.